Salamu za Mtunza Farasi

Kabla hujaniambia kwamba nilikuwa na usingizi, au kwamba nilikuwa nimekunywa kitu, nikueleze: ilikuwa asubuhi, jua limetoka, na tumboni nilikuwa na chai ya maziwa na chapati ya jana. Watu wengi huona mambo yao gizani, ndiyo maana hawaaminiki. Mimi niliona yangu mchana mweupe, hatua chache kutoka kwa umati wa watu, na niliyemwona nikamshika mkono. Likumbuke hilo la mkono. Nitalirudia.

Zamani nilikuwa nikiripotia redio moja ndogo kule Meru. Ajali, mikutano ya chifu, bei ya miraa. Kazi ile ilinifunza kutazama kwanza na kushangaa baadaye. Siku hizi niko kwenye ofisi moja hapa Annandale, jimbo la Virginia, Marekani, kazi ya kukaa mbele ya kompyuta, lakini macho hayajastaafu. Kwa hiyo nitakusimulia kwa mpangilio, na pale nisipojua nitasema sijui.

Dada yangu Kagendo ni nesi, anakaa Fairfax, mji wa jirani. Binti yake, Makena, ana miaka kumi na sita, na tangu utotoni hana ugonjwa mwingine ila farasi. Wenzake kanisani wanajifunza kinanda. Yeye kila Jumamosi anazoa mavi ya farasi kwenye shamba la watu ili aruhusiwe kupanda kidogo. Kagendo alipinga mpaka akachoka. "Nilivuka bahari nikimbie kuchunga ng'ombe," alikuwa akisema, "sasa huyu anataka kunirudisha zizini." Lakini alikuwa amemwahidi mtoto mbele ya mchungaji kwamba akifanya vizuri shuleni atanunuliwa farasi wake, na mtoto akafanya vizuri. Ahadi ya mbele ya mchungaji utaikimbiaje?

Farasi wa mbio hustaafu mapema kuliko mwanajeshi. Akianza kuachwa nyuma, mwenyewe humtafutia mtu wa kumpanda kwa starehe tu. Asipopatikana mtu huyo, wapo wengine wanaonunua farasi kwa uzito wake, kama nyama, na hao hawapandi. Basi kuna uwanja mmoja wa mbio kule Maryland ambao siku fulani hufungua mabanda yake, watu waje kuwatazama wanaostaafu. Tulikwenda sisi watatu. Makena alikuwa ameshamchagua wake kwenye simu: dume aliyehasiwa, rangi ya kahawia, doa jeupe kwenye paji la uso. Jina lake la mbio ni refu kama jina la mswada wa bunge, lakini mabandani walimwita Shemasi.

"Hilo jina ndilo limenimaliza," Kagendo alisema garini. "Shemasi hawezi kumwangusha mtoto wa watu."

"Wewe huwajui mashemasi," nikamwambia.

Makena alikuwa kiti cha nyuma. Yeye anaelewa Kiswahili chetu chote, hata kile tusichotaka akielewe, lakini hujibu kwa Kiingereza. Akasema, "Mum, tafadhali usimuulize mwenye farasi kama ameokoka."

"Nitamuuliza. Na farasi pia."

Kulikuwa na baridi ile ya kukata masikio, na umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani. Mabanda yalikuwa marefu, kila farasi na chumba chake, vichwa vimetokeza juu ya nusu milango kama abiria madirishani. Utaratibu wa pale ni huu: hupandi farasi. Mtunzaji anamtoa kwa kamba, anamtembeza, anamkimbiza kidogo, nawe unasimama pembeni ukitazama anavyoiweka miguu chini. Ndivyo watu walivyokuwa wakifanya, wamekunja mikono, kimya kama walio msibani.

Mwenye Shemasi, na ndiye aliyemfunza, alikuwa mama mmoja Mzungu, umri kama wa dada yangu, jaketi limechanika kiwikoni. Aliitwa Carol. Alitusalimia vizuri, akasema Shemasi atatolewa mwisho kwa sababu siku hizi anachukua muda kukubali kutoka. Siku hizi. Nililisikia neno lile, nikaliweka kando. Kagendo na Makena wakaenda kuwatazama wengine, nami nikaenda kutafuta choo.

Nilipotoka chooni nilikosea mlango. Nilijikuta nyuma, kwenye safu nyingine ya vyumba, hakuna watu. Nikasema peke yangu, "Uuui, baridi hii itaniua."

"Haitakuua, ndugu. Hujambo?"

Niambie, wewe ungefanyaje? Kiswahili, nyuma ya mabanda ya farasi, Maryland! Niligeuka. Mzee Mmarekani mweusi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kofia ya kitambaa kichwani, akiviringisha bendeji ya miguu ya farasi juu ya goti lake. Alikuwa akiiviringisha polepole, kwa mikono iliyozoea.

"Sijambo, mzee," nikasema. "Umekijulia wapi Kiswahili?"

"Chuoni, kule mtaa wa Shaw, nilipokuwa kijana. Masomo ya jioni. Wengi wetu tulijifunza wakati ule. Tulitaka kurudi nyumbani, angalau kwa mdomo." Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Nikaishia kuzungumza nacho na farasi."

"Wanakuelewa?"

"Hawajalalamika."

Sasa, mimi naishi nyumba moja na mtu wa Mombasa, na yeye amenijaza kichwa hadithi za wale viumbe wazuri wa uso ambao ukiwatazama chini unakuta kwato. Sikuogopa, hapana. Lakini macho yalishuka yenyewe. Nikaona buti za kawaida zilizochakaa. Moja ilikuwa na kamba nyeusi, nyingine ilifungwa kwa uzi wa buluu wa plastiki, ule wa kufungia marobota ya majani makavu.

Mzee aliniona. Akacheka. "Unatafuta kwato? Kwato ziko huko ndani, ndugu yangu. Humu zimejaa tele."

Nikaona haya, nikacheka naye. Akaniuliza tumekuja kumwona nani. Niliposema Shemasi, mikono yake ikasimama.

"Ni kwa ajili yako?"

"Ni wa binti wa dada yangu."

"Ana mkono mwepesi? Huyo hapendi kuvutwa mdomo."

"Mwepesi sana. Anaongea nao kama watoto."

"Vyema." Akaendelea kuviringisha bendeji. Kisha akasema, "Ndugu, naomba unibebee salamu. Umwambie Carol: Clement anakusalimu sana. Umwambie: ilikuwa moyo, haikuwa farasi. Sema hivyo hivyo, usipunguze."

"Si yuko hapo tu, mzee? Mbona usimwambie mwenyewe?"

"Hanisikii."

Nilidhani wamekosana. Watu wa kazi moja hukosana. Akaongeza, "Na watu wa hapa hawajui kubeba salamu. Unampa mtu salamu, anazisahau kabla hajafika kwenye gari lake. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kwenu ni amana."

Ni kweli, na hapo ndipo aliponipata. Wewe uliyelelewa kama mimi unajua. Nilipokuwa nikisafiri kwenda Nairobi, mama alikuwa akinitwisha salamu za kijiji kizima, na nikirudi ananihoji kama polisi: Za mama Karimi ulifikisha? Alijibuje? Maana salamu zina majibu, nayo majibu lazima yarudi. Alikuwa akisema, "Ukizikalia salamu za mtu, mwenyewe atazifuata." Basi kwetu ukipewa salamu unajibu neno moja tu, nami nikalisema bila kufikiri.

"Zitafika."

Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi, lakini mikono ya nani ilikuwa na joto asubuhi ile? Kilinuka peremende na dawa ya kuchua misuli. Na hili, amini usiamini: mdomo wangu ulikuwa ukitoa moshi kila nikisema neno. Wake haukutoa. Niliona. Nikasema moyoni labda amekaa upande usio na upepo.

Niliporudi nilimkuta Carol na watu wangu mbele ya chumba cha Shemasi. Farasi alikuwa amesimama kule ndani kabisa, ametupa mgongo mlangoni, kichwa kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Makena alikuwa akimwita kwa karoti. Hakutikisika hata sikio.

"Yuko hivi tangu majira ya baridi yaliyopita," Carol alisema. "Mwili wake hauna shida. Miguu ni safi kabisa. Ni hii tu."

Mimi nikaegemea nusu mlango. Nakuapia, sikufanya kingine. Sikio moja la farasi likageuka, kisha la pili, kisha mwili wote. Akaja moja kwa moja. Aliipita karoti, akampita Makena, akatia pua yake ndani ya kiganja changu cha kulia. Pumzi yake ilikuwa moto. Akanusa kila kidole. Halafu kifuani mwake ikatoka sauti ambayo haikuwa ya kulia kwa farasi. Ilikuwa mguno mrefu, wa chini, kama wa mtu mgonjwa anayesikia mlango ukifunguliwa na aliyemngoja siku nyingi. Akafumba macho, akabaki hapo.

"Haya, Makena," Kagendo akasema, "farasi amemchagua anko. Utakuwa ukimwazima."

Tulicheka, isipokuwa Carol. Alikuwa akiutazama mkono wangu. "Umeshika nini?" aliniuliza. "Una peremende?"

"Sina kitu." Na swali lake ndilo lililonikumbusha. "Ah, Carol, karibu nisahau. Clement anakusalimu sana."

"Nani?"

"Clement. Yule mzee wa safu ya nyuma. Amesema nikwambie: ilikuwa moyo, haikuwa farasi."

Nimewahi kusimama kando ya barabara na kuona watu wakipokea habari za ajali. Najua uso unavyokuwa. Damu hushuka yote. Uso wa Carol ulikuwa huo. Kamba ilimtoka mkononi. Alikaa chini pale pale, juu ya changarawe.

Kisha akakasirika. "Nani amekutuma? Nani mabandani humu ana ukatili wa kukutuma useme hivyo?"

Nilichanganyikiwa. Nikafanya ninachokijua: nikatoa maelezo. Kofia ya kitambaa. Ndoo. Bendeji. Nikafika kwenye buti, nikasema moja ilikuwa na kamba nyeusi na nyingine uzi wa buluu wa kufungia majani. Hapo Carol akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nilimsumbua miezi mizima anunue kamba ya kiatu," akasema. "Tumemzika."

Sikusikia baridi tena. Sikusikia kitu. Kagendo alinishika bega, na sijui kama alikuwa ananishikilia mimi au anajishikilia.

Carol alitueleza akiwa chini vile vile. Clement ndiye aliyekuwa mtunzaji wa Shemasi tangu farasi alipoletwa pale. Alikuwa akimpa peremende kila asubuhi. Asubuhi moja, majira yale ya baridi, walimkuta mzee amelala kwenye majani ndani ya chumba hiki, amekufa, farasi amesimama juu yake. Shemasi hakumruhusu mtu kusogea, na aliyejaribu kuingia aliumwa begani. Kifuani mwa mzee kulikuwa na alama ya ukwato. Wengine walisema farasi amemwua, wengine wakasema ni moyo. Familia yake haikutaka mwili wake upasuliwe, wakamchukua wakamzika kwao. Basi hakuna aliyejua, na Carol tangu siku ile alikuwa hawezi kumtazama farasi usoni.

"Na hukutuambia," Kagendo akasema. Sasa alikuwa nesi, sauti ya wodini. "Ulitaka kumpandisha mtoto wangu bila kutuambia."

"Ningewaambia nini? Mimi mwenyewe sikujua."

Kagendo akanigeukia, kwa Kiswahili: "Twende. Mimi sinunui farasi kwa ushahidi wa maiti."

Na ndipo Makena, ambaye alikuwa amesimama na karoti yake, akauliza swali moja kwa Kiingereza chake cha pole. Alama ile ya kifuani, ilikuwa moja nzito, au nyingi nyepesi?

Carol akafikiri. "Nyingi," akasema. "Ndogondogo. Kama amegongwagongwa."

"Basi alikuwa anamwamsha," Makena akasema. "Farasi hugusa kwa ukwato kitu anachotaka kisimame. Alikuwa anamwambia aamke." Akaanza kulia. "Mum. Alikaa naye mpaka asubuhi. Hakumwacha."

Dada yangu ameona watu wengi wakiondoka kwa ugonjwa wa moyo. Alimtazama farasi. Shemasi alikuwa bado na pua yake mkononi mwangu, nami nilikuwa siwezi kuuondoa, na ukweli nilikuwa nataka sana kuuondoa. Hatimaye Kagendo akavuta pumzi. "Sawa," akasema. "Tutamwombea kwanza. Halafu tutamchukua."

Nilimwona Makena akianza kutabasamu katikati ya machozi. Tabasamu lile halikufika mwisho. Carol alikuwa ameinuka, amefungua mlango, ameingia ndani. Aliweka mikono miwili kwenye shingo ya farasi, uso ukazama kwenye manyoya, na kutoka humo tukasikia sauti yake.

"Nisamehe, binti. Hauzwi tena."

Makena alinitazama mimi, hakumtazama Carol. Na maneno aliyoniambia, alijitahidi ayaseme kwa Kiswahili, labda ili yaniume vizuri. "Anko, kwa nini hukunyamaza?"

Salamu hazinyamaziwi. Ningemwelezaje mtoto aliyezaliwa Virginia?

Lakini kosa langu lenyewe lilikuwa bado. Tulipokuwa tukiondoka, Carol aliniita. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Ukimwona tena, mwambie nilimwita farasi huyu muuaji mbele ya watu wote. Mwambie nimekosa. Mwambie nitakaa naye mpaka mwisho."

Na mimi, mtoto wa mama yangu, mdomo ukajibu kabla ya kichwa. Nilijibu kwa Kiswahili, na ndiyo sababu Carol hakuelewa, lakini Kagendo alielewa.

"Zitafika."

Dada yangu alisimama. "Umesema nini wewe?"

"Nimesema..."

"Umepokea salamu za kupeleka kwa nani?"

Nilienda nyuma kutazama, ingawa alinikataza. Mwandishi wa habari asiyerudi mahali pa tukio ni mpiga porojo. Safu ile yote ilikuwa imefungwa kwa minyororo, vyumba vimejazwa marobota ya majani mpaka juu. Ndoo haikuwepo. Kivuli cha jengo kilikuwa kimezuia jua, kwa hiyo umande ulioganda ulikuwa bado mweupe chini. Nyayo zangu zilionekana zikija, zikasimama, zikageuka. Nilizitazama sana. Mbele ya pale niliposimama, alipokuwa ameketi mzee, palikuwa peupe, hapajaguswa.

Jioni ile Kagendo alimleta mchungaji, wakauombea mkono wangu na kuupaka mafuta. Nashukuru kwa maombi. Lakini nitakwambia kweli: chini ya harufu ya mafuta, peremende ilikuwepo.

Makena alikaa muda mrefu bila kuniongelesha. Baadaye alipata farasi mwingine, jike mpole wa rangi ya kijivu, na anampenda. Picha ya Shemasi bado iko kwenye simu yake. Tunasalimiana sasa, kwa ufupi.

Mimi ndiye niliyebaki na mzigo. Jumapili huwa napita Shaw, mtaa ule alikojifunza mzee, kwenda ibadani, na pale stesheni ya treni ya Metro, katikati ya wanafunzi na kahawa zao, inatokea. Si kila mara. Kwanza mkono wa kulia unapoa. Kisha harufu inakuja nyuma yangu, peremende na dawa ya kuchua, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama kwenye foleni kwa adabu. Haniiti. Hanigusi. Anangoja tu. Majibu ya Carol ninayo, neno kwa neno, sijapunguza hata moja. Kinachotakiwa ni kugeuka na kuyasema. Hadi leo sijageuka. Treni inakuja, napanda, nakaa nikitazama sakafu.

Mama alisema mwenyewe atazifuata, nami nilidhani ni maneno ya kututisha watoto tusisahau.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa ugenini na mtu usiyemjua akakupa salamu kwa lugha ya kwenu, usifurahi upesi. Mtazame mdomo, kama unatoa moshi. Muulize kama ni mzima, na usione haya kuuliza. Na ikiwa umeshazibeba na zimefika, basi geuka uende zako. Ukiambiwa "naye msalimie," funga mdomo wako. Usiseme lile neno nililosema mimi.